Ala ya kisu ikikugomea, tafuta kosa hatua mbili nyuma

Mjomba wangu anachinja mbuzi na kuuza nyama. Miaka kadhaa iliyopita nilimshonea ala ya kisu chake cha kuchunia. Ilikuwa ala yangu ya pili, na siku ninamkabidhi ilipendeza: mishono imenyooka, ngozi inang'aa kwa kiwi. Wiki ya tatu akarudi nayo mkononi. Hakunigombeza. Aliiweka mezani akaniambia, "Mjomba, hebu pitisha kidole hapo pembeni, ila taratibu." Nikapitisha. Karibu na ncha, mishono saba ilikuwa imekatika mfululizo, na kwenye ule upenyo makali yalikuwa yanachungulia. Suruali yake ilikuwa na mchano upande wa paja, urefu wa kijiti cha kiberiti. Paja lilisalimika kwa sababu ndani alivaa bukta ya jinzi.

Nilichukua sindano nikashona upya hapo hapo, safari hii kwa uzi mnene zaidi. Haikupita nusu mwezi, uzi mpya nao ukakatika mahali pale pale. Ndipo nikaelewa kwamba uzi nilikuwa nauonea. Kosa lilikuwa kwenye karatasi niliyochorea kabla hata sijashika ngozi, kwa kuwa mstari wa mshono niliupitisha njia moja na makali.

Tangu siku hiyo, nikiletewa ala yenye kasoro sianzi na pale panapoonekana. Nauliza hatua iliyotangulia ilikuwa nini, na iliyoitangulia hiyo. Mshono uliokatika huulizwa karatasi. Ukingo unaofumuka huulizwa ngozi. Kutu huulizwa maji na kabati. Ndivyo nilivyoziandika dalili hizi: unaanza na unachokiona, kisha tunarudi nyuma hadi kilipoanzia. Ila sehemu ya ngozi isome kwanza, hata kama ala yako haionekani kuwa na shida ya ngozi.

Ngozi yenyewe ni ipi?

Kasoro kadhaa zilizomo humu zina mzazi mmoja, nayo ni ngozi isiyofaa kwa kazi. Kuna ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, na kuna iliyotengenezwa kwa chumvi za kromu. Ya kromu ndiyo imejaa madukani kwa sababu hutengenezwa haraka na ni laini, na kwa viatu, mikoba na makochi ni nzuri sana. Kwa ala inasumbua. Ukiilowesha na kuikandamiza haishiki umbo, kingo zake hazikubali kusuguliwa zikang'aa, na chumvi zilizobaki ndani yake zinaweza kuamsha kutu kwenye kisu.

Unayoitaka ni ngozi ya magome. Huku kwetu gome linalojulikana kwa kazi hiyo ni la muwati, mti wenye asili ya Australia uliokubali vizuri baridi ya nyanda za juu. Njombe kuna kampuni ya miwati tangu 1949, na nyanda za juu za Kenya miti hiyo imepandwa pia. Gome lake lina tanini nyingi. Tanini ndiyo inayoizuia ngozi isioze, ndiyo inayoipa ile rangi ya chai ya maziwa, na utaikuta tena mbele tukifika kwenye madoa meusi.

Dukani usitazame uso wa ngozi, maana uso hupakwa rangi. Tazama ukingo uliokatwa. Ukiona katikati pana kijivu chenye ubuluu, hiyo ni kromu hata kama juu ni kahawia ya kupendeza. Ukingo wa ngozi ya magome huwa na kahawia hafifu kutoka juu hadi chini. Kisha omba kipande kidogo kisichopakwa rangi, udondoshee tone la maji: ya magome hulinywa upesi na kuacha doa lililokolea, na ukiikunja ikiwa na unyevu inabaki na kumbukumbu ya mkunjo. Muuzaji asipoelewa unachosema, mwambie unataka ngozi ngumu ya mikanda. Mtaa wa vifaa vya viatu Kariakoo jijini Dar es Salaam, au soko la Kariokor kule Nairobi, ukiuliza hivyo utaelekezwa.

Unene uwe karibu mm 3 kwa kisu cha kawaida cha kazi. Anayeanza huvutiwa na ngozi ya mm 1.5 kwa sababu inakatika kirahisi na sindano inapita bila jasho. Ala yake hukunjika kama bahasha, na ncha ya kisu hutoboa pembeni. Omba pia kipande cha mgongoni au begani. Ngozi ya tumboni ni ya bei nafuu lakini inavutika ovyo, upande mmoja zaidi ya mwingine.

Makali yanakata uzi, au ncha inatokeza nje

Hii ndiyo kasoro ya hatari kuliko zote, na ukiiona kwenye ala yako usiivae tena hadi uishughulikie. Nyingine zinaharibu sura. Hii inapeleka mtu hospitali.

Chanzo cha kwanza ni kukosa utepe wa katikati. Ala ya kawaida ni kipande kimoja kilichokunjwa, mgongo wa kisu ukiwa upande wa mkunjo na makali upande wa mshono. Ukizishona zile kuta mbili moja kwa moja, kila kisu kinapoingia makali yanateleza juu ya uzi. Kwa hiyo kati ya kuta hizo huwekwa utepe wa ngozi ile ile, upana wa mm 8 hadi 10, unaofuata umbo la makali kuanzia mdomoni mpaka kwenye ncha. Uzi hupita katikati ya utepe huo, na makali yakishuka yanakutana na ngozi ya mm 3 badala ya uzi. Ala ya mjomba haikuwa nao. Sikuwa najua kwamba upo.

Chanzo cha pili humpata hata mwenye utepe: ameukata mwembamba mno, au umeishia sentimita mbili kabla ya ncha. Pale ncha inapofikia ndipo utepe unapotakiwa kuwa mpana kuliko kwingine, kwa sababu mtu akichomeka kisu kwa haraka, nguvu yote ya mkono inaishia hapo. Mimi huuacha uwe na mm 12 au 14 kwenye ncha na kuuzungusha upite chini yake.

Chanzo cha tatu ni karatasi. Weka kisu juu ya karatasi ngumu, chora kukizunguka kwa penseli iliyosimama wima. Mstari huo usiushone. Nje yake pima nafasi ya ngozi kupanda juu ya unene wa kisu: nusu ya unene wa kisu mahali hapo, ongeza unene wa ngozi moja. Bapa la mm 3 na ngozi ya mm 3 hukupa mm 4.5. Mpini wa mm 20 hukupa mm 13. Ndiyo maana mstari wa mshono unaachana na makali kadiri unavyopanda kuelekea mpini, wala hauwi sambamba nayo. Nje ya mstari wa mshono acha mm 4 nyingine za ukingo, na za ziada mm 2 za kuparuza kwa msasa baadaye.

Kabla ya gundi, kunja karatasi hiyo (au bora zaidi, kipande cha ngozi mbovu), weka utepe mahali pake, bana kwa vibanio vya nguo kwenye mstari wa mshono, ingiza kisu. Dakika tano za vibanio zingeniokolea ala sita hivi za mwaka wangu wa kwanza.

Je, ala iliyokwisha shonwa bila utepe inaokolewa? Ndiyo, kama ukingo una nafasi. Fumua mshono wote, usifumue nusu. Tenganisha kuta kwa kisu butu, paruza gundi ya zamani, ingiza utepe, gundisha, toboa upya. Kumbuka utepe unakula nafasi, kwa hiyo ala itapanuka kimo na kubana upana. Jaribu kwa vibanio tena. Ukingo ukiwa chini ya mm 6 kutoka kwenye makali, acha. Kata ala nyingine.

Kisu hakiingii, au kinaingia nusu na kukwama

Angalia kinakwamia wapi. Kikikwama mdomoni kwa mpini, nafasi ya mpini uliipima kama ya bapa. Kikikwama katikati ya njia, chungulia kwa tochi, kwani mara nyingi gundi imemwagikia ndani ikakauka kama jiwe. Ikwangue kwa kijiti cha mianzi kilichochongwa bapa, usitumie kisu chenyewe.

Kama kilikuwa kinaingia vizuri kabla hujailowesha na sasa hakiingii, ngozi imesinyaa wakati inakauka. Ngozi ina tabia hiyo, na wapo wanaoitumia kwa makusudi. Sime ya Wamaasai huvalishwa ala ya mbao iliyofunikwa ngozi na kupakwa nyekundu. Ngozi mbichi ikivishwa ikiwa na maji hujikaza juu ya mbao inapokauka, ikashika kuliko kitu kilichofungwa kwa kamba. Kwenye ala yako hakuna mbao, kwa hiyo kitu cha kuzuia isisinyae kupita kiasi ni kisu chenyewe. Ukikitoa mapema ikiwa bado mbichi, unaikuta imejifunga.

Dawa ni kuilowesha tena kwa maji ya uvuguvugu, kukizungushia kisu nailoni tabaka mbili au tatu ili kiwe kinene kidogo, kukiingiza taratibu na kukiacha humo. Maji yasiwe ya moto. Ngozi ya magome ikiguswa na maji yanayokaribia kuchemka hujikunyata, huwa ngumu kama ubao, na hakuna cha kuirudisha.

Kisu kinachomoka chenyewe

Kabla hujaivaa, shika ala juu ya kitanda, igeuze mdomo chini, itikise mara tatu. Kisu kisitoke. Halafu kivute kwa mkono mmoja: kitoke kwa nguvu kidogo ya mwanzo, kisha kiteleze.

Kikidondoka, kwanza jiulize kama ala imefika kwenye mpini. Bapa halina cha kushikwa. Kinachoshikwa ni mpini, na ala inatakiwa iumeze angalau sentimita tatu au nne. Wanaoanza hupenda mpini uonekane wote kwa sababu ya uzuri wa mbao yake, na matokeo yake kisu kinakaa ndani kama kijiko ndani ya glasi. Hapo hakuna ukarabati zaidi ya kuongeza kamba yenye kifungo inayofunga mpini.

Kama ala inafika vizuri kwenye mpini lakini imelegea, basi umbo halijaingia. Hatua hii haitaki haraka. Paka kisu mafuta kidogo, kifunge nailoni kisiguswe na maji. Tumbukiza ala kwenye maji ya uvuguvugu hadi mapovu yanayotoka yapungue. Itoe, iache ikae hadi rangi yake ianze kurudi karibu na ile ya mwanzo. Ngozi iliyolowa chapachapa haishiki umbo, inayoshika ni ile yenye ubaridi wa unyevu ukiiweka shavuni. Ingiza kisu. Sasa tumia mgongo wa mwiko mdogo au mpini laini wa mbao, ukandamize ngozi kuzunguka mpini, pale unapokutana na bapa, mpaka uone kiuno kimejichora. Kiuno hicho ndicho kufuli. Rudia kila baada ya nusu saa mara tatu au nne, maana ngozi hujaribu kurudi. Kisha iache kivulini siku nzima. Masika ikiwa ukanda wa pwani, iache siku mbili.

Umefanya yote hayo na bado inalegea? Rudi kwenye ukingo ukaangalie ile kijivu-buluu. Ngozi ya kromu utaikandamiza mpaka jioni, asubuhi utaikuta imerudi ilivyokuwa.

Mbele mishono imenyooka, nyuma imepinda

Msharasi, yaani chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, uliinama. Ukitoboa tabaka tatu zenye jumla ya mm 9, kuinama kidogo tu kwa mkono kunakuwa milimita mbili au tatu upande wa pili. Juu unaona mstari wa kupigiwa mfano, ukigeuza unaona njia ya siafu.

Dawa haipo kwenye kushona. Ipo kwenye namna ulivyoishika kazi. Usitoboe ukiwa umeishika ala mkononi. Ibane kati ya mbao mbili unazozibana kwa magoti, uso wa ngozi ukutazame, na msharasi uingie sambamba na sakafu. Chora mstari wa mshono pande zote mbili kwa bikari, ili upande wa nyuma uwe na mahali pa kulenga: sukuma polepole, chungulia nyuma ncha inapoanza kuinua ngozi, rekebisha kabla haijatoboka. Kwa alama za nafasi, kama huna uma wa kazi hiyo, uma wa mezani unasaidia. Meno yake yako mbalimbali kidogo lakini yanalingana. Chomeka jino la kwanza kwenye alama ya mwisho kila unaposogea.

Wengine hutoboa kwa drili yenye biti ya mm 1.5 iliyosimamishwa wima. Sioni ubaya kwa anayeanza. Tundu la drili ni la duara na halijifungi kama la msharasi, lakini limenyooka, na ala iliyonyooka ni salama zaidi.

Mshono wa nyuma uliokwisha pinda hauwezi kunyoosheka. Kama haujasogea ndani ya mm 2 kutoka ukingoni, uache ulivyo. Ukiukaribia ukingo zaidi ya hapo ngozi itachanika kati ya tundu na ukingo, kwa hiyo fumua.

Uzi unalegea, unaoza, au umekuishia njiani

Ala hushonwa kwa uzi mmoja wenye sindano kila mwisho, na sindano zote mbili hupita kila tundu, moja kutoka kila upande. Kuishiwa uzi ni suala la hesabu. Kila sindano katika kushona kwa sindano mbili husogea mbele mm 4 na kuvuka unene wa mm 9, yaani mm 13 kwa kila mshono. Sindano mbili ni mm 26 kwa kila mm 4 za safari, mara sita na nusu. Mshono wa sentimita 15 unataka sentimita 98 hivi, na sentimita 30 za kushikia mwishoni. Kata mita 1.3. Ile kanuni ya "mara nne" wanayoipokezana watu ni ya mikanda na pochi, zilizo nyembamba.

Kulegea kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kuvuta kwa nguvu tofauti. Mkono wa kulia huwa na nguvu, wa kushoto unasindikiza. Ya pili haionekani kwa urahisi: sindano ya pili ilipita katikati ya uzi wa kwanza ndani ya tundu, ikauchoma. Hapo hata uvute vipi hausogei, na baada ya wiki mbili mahali hapo panacheza. Kila unapoingiza sindano ya pili, vuta uzi wa kwanza nyuma kidogo kuelekea kwako. Ukisikia unateleza kwa uhuru, hujauchoma.

Uzi wa pamba wa cherehani huoza kwa jasho na damu ya nyama. Tumia uzi mnene wa nailoni au poliesta wa mafundi viatu. Upitishe kwenye bonge la nta ya nyuki mara tatu, hadi ushike vidole. Ukifika mwisho rudi nyuma mishono mitatu, kata, choma ncha kwa kiberiti na uikandamize ikiwa ya moto, kwa kijiko, siyo kwa kidole.

Cherehani ya fundi viatu inashona haraka, na huenda ukashawishika. Kwenye mshono wa cherehani, nyuzi mbili hushikana kama kulabu katikati. Ukikatika mmoja, jirani zake hufumuka. Mshono wa sindano mbili, uzi mmoja ukikatika mwenzake bado ameshika. Kwa kitu kinachobeba makali kiunoni, mimi nashona kwa mkono.

Kuta zinaachana ukingoni, kingo zinatoa manyoya

Kuachana ni gundi. Uso wa ngozi ni laini na gundi haiushiki, kwa hiyo kila sehemu itakayogundishwa ipitishe msasa hadi ipoteze mng'ao. Gundi ya mafundi viatu hupakwa pande zote mbili, inaachwa mpaka ukigusa kwa kidole haivuti nyuzi, ndipo unakutanisha na kugonga kwa nyundo. Wengi hukutanisha ikiwa mbichi.

Manyoya ni msasa uliorukwa. Baada ya kushona, ukingo uwe ubapa mmoja: anza na msasa mkali, namba 120, maliza na 400 au zaidi. Lowesha kwa kidole chenye maji, sugua kwa kipande cha mbao ngumu iliyochongwa mfereji, kwenda na kurudi, hadi usikie joto na uone ukingo unabadilika kuwa kama pembe ya ng'ombe. Malizia kwa nta. Ukisugua nusu saa bila mabadiliko, hiyo tena ni kromu.

Madoa meusi yametokea yenyewe

Umeacha ngozi yenye unyevu juu ya meza ya bati, au umeibana kwa jiriwa la chuma, au umeishika na mikono yenye vumbi la tupa. Asubuhi unakuta madoa ya buluu iliyokoza hadi nyeusi. Hiyo ni tanini ya gome imekutana na chuma kwenye maji. Uchafu wa kawaida ungetoka kwa kusugua, haya hayatoki.

Kata ndimu, paka maji yake juu ya doa, subiri dakika chache, doa litafifia machoni pako. Lifute kwa maji safi na uipake ala yote maji kwa usawa ili usibaki mpaka wa doa. Doa la siku nyingi halitoki lote.

Likikataa kabisa, ifanye ala nzima iwe nyeusi kwa njia hiyo hiyo. Loweka misumari au pamba ya chuma kwenye siki kwa wiki moja au zaidi, mtungi usizibwe kabisa kwa sababu inatoa gesi. Chuja, paka. Ngozi ya magome itageuka kijivu, kisha nyeusi, ndani ya dakika. Weusi huo umo ndani ya ngozi, hivyo hautii suruali doa kama rangi ya kupaka. Ukishakauka, suuza na upake mafuta, kwani siki huikausha.

Kisu kinashika kutu ndani, ala inaota ukungu

Nimewaona watu wa Tanga na Mombasa wakiilaumu ngozi, na kweli ngozi ina sehemu yake. Inavuta unyevu wa hewa na kuuegemeza kwenye chuma, tena ina tindikali kidogo. Lakini chanzo kikubwa ni mazoea ya kukihifadhi kisu ndani ya ala. Ala ni ya kubebea. Ukifika nyumbani, kitoe kisu, kifute, kipake mafuta mepesi, kikae peke yake. Ala itundike mahali penye upepo.

Kama kutu imeanza wiki ile ile uliyomaliza kushona, hukusubiri ikauke. Nje hukauka kwa siku moja, ndani kwenye utepe maji yanabaki. Chomeka kijiti cha kiberiti kikavu ndani usiku kucha. Kikitoka kimelegea, bado.

Ukungu ufute nje ya nyumba kwa kitambaa chenye siki iliyozimuliwa, kausha kivulini penye upepo. Ukirudi kila mwezi, usiifungie tena kwenye mfuko wa nailoni.

Ngozi imepasuka, au imelainika kama kitambaa

Iliyopasuka ilikaushwa juani au karibu na jiko. Ufa wa juu juu hutulia kwa mafuta, ufa uliofika katikati hauna dawa. Iliyolainika imenyweshwa mafuta mengi, na aliyefanya hivyo kwa kawaida alitumia mafuta ya kupikia, ambayo hunata na kunuka baadaye. Mafuta ya jadi ya kazi hii hutokana na miguu ya ng'ombe, kwa maana nyingine makongoro, ila yawe yaliyosafishwa, siyo yaliyoenguliwa kwenye supu yenye chumvi. Tabaka moja jepesi linatosha. Juu yake, nta ya nyuki kipimo 1 kwa mafuta vipimo 2, viyeyushwe kwenye bakuli lililo ndani ya maji ya moto, visiguse moto wenyewe.

Ala iliyokwisha kulainika ifunge kwa karatasi za magazeti, badilisha kila siku kwa wiki moja. Inarudi kiasi.

Kitanzi cha mkanda kinang'oka

Kitanzi hubeba uzito wote, na kila mtu akikaa kwenye kiti mpini unagota na kukivuta. Ukikishona kwa mstari mmoja wa mishono minne, kitang'oka kuanzia upande mmoja. Shona mraba mzima wenye msalaba ndani, na ukishone kabla hujaikunja ala. Wengi hukumbuka kitanzi mwishoni, mkono hauingii tena ndani, wanaishia kugonga ribiti. Kichwa cha ribiti kinabaki ndani na kukwaruza bapa. Kama imeshakutokea, bandika kipande chembamba cha ngozi juu ya kichwa hicho kwa ndani, ukikisukuma kwa kijiti.

Ala ya pili ya mjomba niliikata kwa ngozi ya mm 3.5, utepe wa mm 14 kwenye ncha, kitanzi kimeshonwa kwanza. Bado anaivaa. Mwaka jana aliileta mishono minne ikiwa imelika mdomoni, pale kidole gumba chake kinaposukuma kila anapochomoa kisu. Niliifumua hadi mishono mitatu nje ya palipolika, nikashona kwa uzi mpya kupitia matundu yale yale, akaondoka nayo akaenda kuchinja.